Delmar Ashuka Mgodini

Katika vilima vya Westby, jimbo la Wisconsin, hakuna mchezaji aliyepita mikononi mwa Delmar Hovland asiyekijua kisa cha Mgodi wa Mfalme Kiziwi. Kilikuwa kijitabu chembamba cha mchezo wa mezani, kilichochapwa enzi ambazo Delmar bado ana nywele, na jalada lake lilikuwa limeachana na kurasa zamani, likagundishwa, likaachana tena. Watu wengine walikuwa na vipenzi vyao. Roland Wojta, dereva wa basi la shule na rafiki yake tangu utotoni, alikuwa tayari kuapa kwamba hakijachapwa kisa cha kukishinda kile cha meli inayoelea mawinguni. Pa Nhia Xiong, mfamasia wa La Crosse, alishikilia kile cha kijiji ambacho wakazi wake wameamka asubuhi wamesahau majina yao. Wawili hao waliweza kubishana hadi chakula kikapoa. Delmar hakubishana. Aliwaacha wachoke, kisha akauliza nani yuko tayari kushuka mgodini.

Na siku zote msimulizi alikuwa yeye. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo: wengine huizunguka meza, kila mmoja akajivika nafsi ya mtu wa kubuni, mwizi au askari au mchawi, akasema anafanya nini, na dadu likaamua kama amefaulu. Lakini lazima awepo mmoja mwenye kushika kitabu, anayejua kila mlango umeficha nini, anayeyasemea mazimwi na wafalme. Delmar alikuwa amewashusha mgodini vijana wa sekondari, madereva wenzake wa malori ya maziwa, mchungaji wa Kilutheri pamoja na mkewe, na siku moja bwana harusi mzima na wasimamizi wake, wakachelewa kanisani. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka.

Aliyeling'amua hilo ni binti yake, Signe. Delmar alipostaafu, watu wakimletea saa na fimbo za kuvulia samaki, Signe alimwambia kwamba zawadi yake itakuwa Jumamosi moja tu: yeye atashika kitabu, na baba atacheza.

Delmar alifurahi, akafurahi sana, halafu wasiwasi ukamwingia. Alimpigia simu Roland akamweleza kwamba anaogopa kumvunja moyo mtoto. Mtu atashangazwa vipi ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe? Kila mtego anaujua, kila mlango wa siri. Atakaa pale akijifanya kushtuka, na Signe ataona, maana tangu utotoni hakuna uso anaousoma vizuri kama wa baba yake.

Roland akampelekea Pa Nhia maneno hayo, na wote wawili wakamwendea Signe na ushauri. Abadilishe. Mitego aihamishe, mfalme amgeuze malkia, mgodi auweke chini ya ziwa. Signe akakataa katakata.

"Nikikibadilisha nitakuwa nimempa kisa changu," akasema. "Yeye anapenda chake."

Jumamosi ikafika na theluji. Roland alikuja na mfuko wa jibini mbichi, ile inayolia kwenye meno, na Pa Nhia akaja na sinia la roli, vitafunio vya unga vilivyoviringishwa nyama na tambi, alizokaanga mama yake. Delmar alishuka ngazi za chumba cha chini akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, mithili ya mtu anayekwenda kubatizwa. Alipofika mezani akasimama, hajui pa kukaa. Kiti chake alikuwa amekikalia Signe. Roland akamvutia kingine kwa mguu.

Wakaambiana kila mmoja amejivika nafsi gani. Roland, kama kawaida yake, alikuwa askari mwenye shoka kubwa kuliko akili. Pa Nhia alikuwa mchawi anayezungumza na popo. Wote wakamgeukia Delmar, naye masikio yakamwiva.

"Mimi ni mpishi," akasema. "Naitwa Obbin. Nimefukuzwa jikoni kwa tajiri mmoja kwa kutia chumvi mara mbili. Nina sufuria, nina mwiko, na naogopa giza."

"Tunashuka mgodini, bwana," Roland akamkumbusha. "Halafu wewe unatuletea mtu anayeogopa giza."

"Sasa nifanyeje? Ndivyo alivyozaliwa."

Signe akafungua kitabu, akaanza kusoma maelezo ya lango la mgodi, na hapo likatokea jambo ambalo Delmar hakulitarajia. Maneno hayo alikuwa ameyasoma kwa sauti miaka nenda miaka rudi, lakini kila mara jicho lilikuwa kwenye mstari na akili iko kwenye ukurasa unaofuata. Hakuwahi hata siku moja kuyasikiliza. Akafumba macho. Akasikia maji yakidondoka gizani, akasikia harufu ya mawe yaliyolowa, na mikokoteni iliyotelekezwa ikaja mbele yake moja baada ya nyingine, kutu imeila. Alipofumbua macho, mkono wake ulikuwa umeishika sufuria ambayo haikuwepo.

Wakaingia. Mbele kulikuwa na ujia mrefu, na katika ujia huo kuna jiwe la sakafuni ambalo ukilikanyaga linazunguka kama kifuniko. Mezani pale hapakuwa na asiyelijua. Askari wa Roland ghafla akakumbuka kufunga kamba za viatu. Mchawi wa Pa Nhia akasema atabaki nyuma kidogo, ana mazungumzo na popo. Obbin akainua taa, akaanza kuimba ili kuifukuza hofu, akatembea katikati ya ujia mpaka shimoni.

Ilimchukua Delmar muda kuweza kusema, jinsi alivyokuwa akicheka.

"Ulijua, mzee," Roland akamshtaki. "Shimo hilo hilo umenitumbukiza mimi tangu tuna chunusi."

"Mimi nilijua," Delmar akasema, akijifuta macho. "Obbin hakujua. Obbin alikuwa anatazama popo."

Tangu hapo wasiwasi ukamtoka. Alikuwa amegundua kwamba kujua hakumzuii. Anachotakiwa ni kuwa Obbin tu, na Obbin hakuwa amesoma kitabu chochote isipokuwa cha mapishi. Alipita mbele ya mlango wa siri akipiga mluzi. Alimsifu mwizi aliyejifanya hujaji, akamgawia mkate, akaibiwa kofia. Pa Nhia na Roland, ambao walikuwa wamesahau nusu ya kisa, walimtazama usoni wakitafuta dalili, na uso wake haukuwapa kitu.

Wakafika kwenye daraja. Juu ya genge kuna ubao mwembamba, na mbele ya ubao huo limesimama jitu. Kitabu kinasema jitu hilo halisikilizi neno la mtu. Katika miaka yote ya Delmar watu walikuwa wamelipiga mishale, wamelirushia moto, wamelisukuma gengeni, na mchungaji wa Kilutheri alijaribu kulihubiria, likamla. Roland akaanza kunoa shoka. Signe akasoma: limesimama limeinama, mifupa imetapakaa miguuni, mikavu, imetafunwa na kutafunwa tena, na mbavu zake zinahesabika.

"Subiri," Delmar akasema. "Rudia hapo mwisho."

Signe akarudia.

"Lina njaa," Delmar akasema polepole. Alikuwa ameutamka mstari huo mara ngapi? "Maskini wa Mungu, lina njaa tu. Obbin anaketi chini, anawasha moto. Roland, weka shoka lako chini unipe ile nyama kavu ya askari wako."

"Nyama yangu?"

"Yako, ndiyo. Na Pa Nhia, uyoga ule uliochuma kwa ajili ya sumu, upo usio na sumu?"

Signe akafunua ukurasa, akafunua wa nyuma yake, akakifunga kitabu juu ya kidole. Hapakuwa na kanuni ya supu. Delmar aliuona uso wa bintiye na akautambua vizuri: ni uso wa msimulizi ambaye njia imemwishia, na ndiyo raha kubwa kuliko zote katika mchezo huu. Signe akamwambia baba yake atupe dadu kubwa, lile la nyuso ishirini, na akipata kumi na tano au zaidi, supu imekolea. Delmar akalipuliza dadu, akalirusha. Likaviringika hadi kwenye sinia la roli, likagonga, likalala kwenye kumi na saba.

Signe akasema kwa sauti nzito iliyojaa aibu, sauti ambayo jitu hilo halikuwahi kuwa nayo, "Kuna mkate?"

Roland akapiga meza kwa kiganja. Jitu likanywa sufuria nzima, likaomba radhi kwa habari ya mifupa, na lilipoulizwa jina likasema linaitwa Mulo, na kwamba hakuna aliyewahi kuliuliza. Mulo akawavusha genge mmoja mmoja, amewabeba kama vifaranga.

Wakaingia naye ukumbi wa mwisho. Hapo ndipo ameketi Mfalme Kiziwi, aliyekufa zamani na hajui kwamba amekufa, na kuuzunguka ukumbi wanalia mizimu ya wachimbaji wanaoomba ruhusa ya kwenda zao. Mfalme hawasikii. Hawatazami hata mara moja. Na anayekaa humo kitambo naye hugeuka jiwe, kuanzia miguuni. Kitabu kinataka wachezaji wawe wamepata kengele ya kumwita, iliyofichwa nyuma ya mlango wa siri. Pa Nhia alikuwa ameidhihaki kengele hiyo kila mara aliposhuka mgodini, akiuliza ni mtaalamu gani aliyemwandikia kiziwi kengele, na Delmar kila mara alimjibu kwamba ni kengele ya kichawi, basi.

Sasa hawakuwa nayo, kwa sababu Obbin aliupita mlango huo akipiga mluzi. Askari wa Roland akapiga kelele hadi koo likakauka. Mchawi akawatuma popo, wakapita mbele ya macho ya mfalme bila yeye kupepesa. Jiwe likawafika magotini. Signe alisema hivyo kwa upole, akimtazama baba yake, naye Delmar akajua maana yake. Neno moja tu, turudi kwenye ule mlango wa siri, na wote wataokoka. Midomo ilimwasha, lakini Obbin hakuujua mlango huo. Akaikalia mikono yake.

Kisha akawaza: kiziwi huitwa kwa njia gani? Na jibu halikutoka kitabuni.

"Bibi yangu Torborg alikuwa kiziwi," akasema, na sauti yake ilikuwa nusu ya Obbin na nusu yake. "Hukumjua, Signe. Alikuwa akiwa jikoni amekupa mgongo, hata ukipasuka kwa kelele ni kazi bure. Sisi watoto tulikuwa tunakanyaga mbao za sakafu. Anageuka pale pale. Mulo, kaka yangu, wewe bado una miguu, nisaidie. Ruka."

Akasimama, akakanyaga sakafu ya chumba kwa nguvu. Pa Nhia akamtazama mara moja tu, akasimama naye. Roland, mwenye goti bovu, akashika ukingo wa meza akakanyaga kwa mguu mzima. Makopo ya rangi yakalia rafuni, vikombe vikatembea mezani, madadu yakaanguka. Juu ya ngazi mbwa akabweka. Signe naye, msimulizi mwenye wajibu wa kubaki kando, akainuka kutoka kwenye kiti cha baba yake akakanyaga kwa niaba ya jitu.

"Ameinua kichwa," akasema akihema. "Mfalme ameinua kichwa, anawatazama. Machoni hana hasira. Mnamwambia nini?"

Delmar alionyesha mizimu kwa mkono, kisha akaufungua mkono huo kuelekea mlangoni, taratibu, kama mtu anayewaachia njiwa. Signe akasema mfalme ametikisa kichwa kukubali, na kwamba ukumbi umeanza kuwa mtupu.

Obbin hakurudi juu na wenzake. Delmar aliamua kwamba atabaki darajani na Mulo, wafungue jiko, kwa sababu mgodi ukishakuwa salama wasafiri watapita, na wasafiri lazima wale. Roland akataka kujua kama askari wake atakuwa anakula bure. Delmar akamwambia askari huyo alikuwa mtu wa kwanza kuchangia nyama, kwa hiyo atapewa kiti kizuri, ila shoka aliache mlangoni. Pa Nhia akasukuma sinia katikati ya meza, roli zikiwa zimepoa kabisa, na wakazila hivyo hivyo, wakisema wote kwa pamoja, kila mmoja akiwasimulia wenzake mambo ambayo wote walikuwepo yakitokea.