Karatasi Tatu za Muzee Ntirenganya

"Nani alitosha makaratasi yangu, akayabandua ku huu ukuta?"

Muzee Ntirenganya, mwenye nyumba, aliuliza hivyo akiwa amesimama katika chumba cha nyuma, kofia mkononi. Jibu nilikuwa nalo, lakini nilitazama sakafu.

"Ni batoto, muzee," alisema Janvier, komisioneri aliyekuwa akiitafutia nyumba hiyo mpangaji.

"Batoto gani? Nyumba iko bule, bila mutu, tangu mwezi wa tatu. Na kule juu, walifika na ngazi?"

Mama Kuluthumu alicheka. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kindu, na nyumba hii ya mtaa wa Katoyi aliichagua kwa simu, kwa picha zangu, kabla hajaikanyaga. Binti zake wawili walikuwa tayari wakibishana ni nani atakayelala upande wa ukuta. Alipofika alinishika mkono akasema, "Ni weye ulipiga zile picha? Mwanangu, mukono yako iko na baraka. Ukuta kama shuka ya arusi!"

Sasa alikuwa akiutazama ukuta wenyewe. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa ubavu kutoka dirishani, na ufa ulionekana wazi, ukishuka kutoka darini hadi mahali ambapo mtu angeweka mto wa kulalia.

Majuma mawili nyuma, muzee akiwa shambani kwake Kalengera, Janvier alinipa ufunguo ili nipige picha. Kazi hiyo inanilipia masomo ya chuo kikuu, lakini niliipenda zaidi kwa sababu niliamini kwamba inasema kweli. Chumba hupigwa picha mara mbili, kamera ikiwa imetulia juu ya miguu yake mitatu. Ya kwanza hupigwa kwa mwanga wa dirisha peke yake, ili mandhari ya nje isigeuke weupe mtupu. Ya pili hupigwa kwa flashi iliyoelekezwa darini, ili mwanga urudi chini kwa upole na kujaza pembe zenye giza. Kisha naziunganisha kwenye kompyuta. Jicho la mtu huona nje na ndani kwa pamoja, nami niliwaeleza wenzangu darasani, kwa majivuno kidogo, kwamba ninairudishia kamera haki ambayo jicho linayo.

Picha ya kwanza ya chumba kile ilionyesha ufa, na juu yake vipande vitatu vya karatasi vilivyobandikwa, kila kimoja na tarehe yake. Niliviona kuwa uchafu. Kwetu tunaishi katika nyumba ya mbao, na hakuna aliyewahi kunieleza karatasi hufanya nini juu ya ufa. Nilipindua ndoo, nikapanda, nikavibandua, ndipo nikapiga picha ya pili. Flashi ilikijaza kile kijibonde chembamba cha ufa, kivuli kikatoweka. Wakati wa kuunganisha, nilichukua dirisha kutoka picha ya kwanza na ukuta kutoka ya pili.

"Hizi karatasi," muzee alimweleza Mama Kuluthumu, "nilianza kubandika kisha volkano kulipuka, wakati udongo ilikuwa inatikisika kila siku. Karatasi ikibakia muzima, ufa inalala. Ikipasuka, ukuta iko inatembea. Wakati nilienda Kalengera, zote tatu zilikuwa muzima. Nilimwambia Janvier aonyeshe kila mutu. Sasa nitajua namna gani?"

"Inalala, muzee," Janvier alisema. "Inalala kuliko weye."

Nilikumbuka karatasi ya katikati. Niliwasha kamera, nikaitafuta ile picha ya kwanza, nikaikuza. Ilikuwa imepasuka toka juu hadi chini, na mstari mweusi ukipita kati ya nusu zake mbili. Siku ile niliuona mpasuko huo kwenye kompyuta, nikadhani ni uzee wa karatasi, nikaufunika kwa ukuta safi.

"Olive," Janvier aliniambia kwa sauti ya chini, "zima hiyo kamera."

Nilimpa muzee kamera.

"Ni miye, muzee. Miye nilizitosha, ili picha ipendeze. Na hii ya katikati ilikuwa imekwisha kupasuka."

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na ufa. Mama Kuluthumu aliwaambia binti zake, "Mutoke apo ku ukuta." Mkono alionishika nao alipofika ulikuwa sasa begani kwa binti yake mdogo.

"Na ile picha ilishafika mu vikundi vingapi vya WhatsApp?" Janvier aliuliza. "Unataka kunichafulia jina?"

"Kaka Janvier, leo nitaifuta kila fasi niliituma," nilisema, safari hii nikiwatazama wote watatu. "Nitatuma hii ya dirisha, pamoja na ufa na karatasi zake. Na kuanzia leo, ukuta wenye ufa sitaupiga tena kwa flashi."