Chumba cha Gulwe

Wewe umewahi kuuamkia ukuta ukaitikiwa? Anitha alifanya hivyo kila jioni. Mama yake, Evodia, akishafunika kompyuta kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe na kumwaga masalia ya chai kwenye mpapai, alimshika mkono wakaenda uani, nyuma ya ofisi ya kampuni ya nafaka, pale Dodoma karibu na reli.

"Shikamoo baba," mtoto aliuambia ukuta.

"Marahaba mwanangu. Umekula nini?"

"Mlenda."

"Mlenda tena! Mwambie mama yako utaota majani."

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipojaa sokoni, sabuni ikapatikana bila foleni, na mashirika ya umma yakawa yanauzwa moja baada ya jingine. Kampuni nayo ikaambiwa ijipange kwa kompyuta, wanunuzi wanakuja. Wakaletwa wataalamu wawili. Castory akapewa ghorofani. Kazi yake ilikuwa kuchora kampuni nzima kwenye karatasi pana kama mkeka: idara zote, ghala zote, na mishale ya habari itokako huku kwenda kule. Ulimboka akapewa chini, kwenye kompyuta. Yeye aliunda programu, moja moja: ya mizani, ya magunia, ya mishahara.

Kila Ulimboka alipomaliza programu, asubuhi yake palikuwa na chumba kipya uani, cha udongo, paa bapa, kimeungana na vingine kama tembe la Wagogo. Mfagizi alinung'unika kwamba eneo limeongezeka, akafagia. Shida ilikuwa milango. Vyumba vile havikufunguliana.

"Mimi nimeshachora, yeye ajenge," alisema Castory.

"Yule anachora mawingu," alisema Ulimboka. "Mimi nina gunia limetoboka hapa, nashona."

Huyu hakushuka, yule hakupanda. Kwa hiyo Evodia, karani wao, akitaka kutoa hesabu za mizani kuzipeleka kwenye magunia, alifunga disketi kwenye pindo la khanga, akatokea dirishani, akazunguka.

Chumba cha ghala la Gulwe, stesheni ya mbali kwenye reli ileile, hakikuwa na mlango wala dirisha. Ndani yake ilikuwamo Gulwe yenyewe. Ukitega sikio unasikia treni ya mizigo, kuku, na Bartolomayo, mtunza ghala, mume wa Evodia, akikohoa vumbi la mahindi. Alihamishiwa kule Anitha akiwa tumboni. Alikuja sikukuu tu, na treni ikichelewa, sikukuu ilimkuta stesheni. Basi jioni mkewe alimweleza kupitia ukutani kwamba mkaa umepanda, bati linavuja. Jambo lenyewe hakulisema.

Siku moja akapanda ghorofani. "Bwana Castory, naomba mlango wa Gulwe. Hesabu hazifiki."

"Upo, dada. Tazama mshale huu."

"Mshale nauona. Haupitiki."

Akamshusha hadi uani na karatasi yake, akamwita na Ulimboka. Kwao Evodia, mlango wa chumba kipya cha tembe haukutobolewa na mtu mmoja. Aliyepanga nyumba husema watu watapita wapi, aliyesimika nguzo husema nguzo ziko wapi, na wa upande wa pili hugonga.

"Hapa," alisema Castory, karatasi ameibandika ukutani.

"Hapo kuna nguzo, mzee wa mawingu. Ukitoboa hapo mishahara yote inatuangukia. Sogea kushoto."

"Kushoto ndiko magunia yanakokwenda kwenye mizani."

"Kumbe! Mbona hukuniambia?"

"Ulipanda lini ukaniuliza?"

Evodia akawapa mchi wa kinu. Bartolomayo alikwisha kuanza kugonga kule Gulwe.

Majuma yaliyofuata Evodia huyatamani hata leo. Hesabu zilipita zenyewe. Wale wawili walikaa benchi moja wakila zabibu na kutemeana mbegu. Mvua ya Gulwe ililowesha kizingiti huku Dodoma kukavu, na Anitha, mguu mmoja huku, mwingine kule, akagundua kwamba ukuta ulikuwa na pengo la jino na uliweza kumbeba mgongoni. Ila usiku Bartolomayo alirudi upande wake. Mtunza ghala hulala ghalani.

Wanunuzi walipokuja walipita mlango uleule, wakafuta viatu kwanza. Zamani Gulwe ilikuwa mshale tu, nani angeuuliza mshale una faida gani? Sasa waliiona yote, paa bovu, mizani kuukuu. Wakausifu mlango, wakaifunga Gulwe. Castory akaifuta kwenye mchoro. Ulimboka akaitoa kwenye kompyuta. Wakulima wa kule wakaanza kupakia mahindi kwenye malori kwenda soko la Kibaigwa, kwa madalali wanaojipangia bei, na ndivyo ilivyobaki. Chumba nacho hakikuondoka. Mbuzi hulala humo, na upepo wa Gulwe huwapuliza manyoya.

Jioni ile ya kufungwa Bartolomayo alisimama kizingitini na funguo mkononi.

"Mama Anitha, hizi nimpe nani? Vibarua wamekaa juu ya magunia matupu, wananitazama mimi."

Evodia alitaka kumwambia bati bado linavuja. Akazichukua funguo, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Baba Anitha," alisema, "mlango huu sikuuombea hesabu. Nilitaka uje ulale nyumbani."