Mkono Mzito wa Recheli

Mzee Luhende alianguka toka juu ya mti akirina asali huko Sikonge, mfupa wa mkono ukatoboa ngozi. Hadi anafikishwa Tabora kidonda kilishaanza kunuka. Daktari Sabiri, mpasuaji, alisema kisipooshwa leo, mkono utakatwa. Kumlaza usingizi nako hakukuwezekana, maana moshi wa kukaushia tumbaku ulikuwa umemla mapafu. Angelala moja kwa moja. Ilibaki sindano ya ganzi kwapani, nayo ilikuwa kazi ya Recheli, nesi wa usingizi.

Hospitali ilikuwa imepata mashine ya altrasaundi, ya kuonyesha ndani ya mwili, yenye akili mnemba. Ukigusisha kifaa chake kwapani, yenyewe inapaka rangi kwenye kioo: mishipa ya fahamu njano, ateri nyekundu, vena buluu. Siku hiyo kioo kilionyesha njano na nyekundu tu, safi kabisa. Daktari Sabiri akasema kwa picha ile hata yeye angechoma.

Recheli akachoma. Akavuta bomba la sindano kuhakikisha hayumo kwenye mshipa wa damu, damu haikuja. Akasukuma dawa kidogo. Ilipaswa kutanda nyeusi kuzunguka ile njano, lakini hapakutanda kitu. Macho yakamwambia aache, naye akasukuma tena.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "mdomo unakufa ganzi. Masikio yanalia."

Akaacha papo hapo, moyo ukimwenda mbio. Ganzi ikizidi kwenye damu huusimamisha moyo, na dawa ya kuuokoa haikuwamo kabatini. Mkono wake ukalegea juu ya kifaa, na hapo buluu ikajitokeza kiooni: vena nene, ncha ya sindano imo ndani.

Mazoea yana taabu. Jeli ya kupaka chini ya kifaa ilikuwa haba pale kwao, basi wote walizoea kupaka tone moja na kukandamiza kwa nguvu ili picha ije. Recheli alikuwa ameibana vena hadi ikabandikana bila damu ndani, na mashine, pamoja na ujanja wake wote, haipaki rangi isichokiona.

Akachomoa sindano. Wakasubiri wakitazama mapigo, mpaka masikio ya mzee yakatulia. Daktari Sabiri akaanza kuilaumu mashine.

"Si mashine," Recheli akasema. Akamwinamia mzee. "Baba, nimekosea mimi. Nilikandamiza mno, dawa ikaingia kwenye damu. Ungeweza kufa. Wa kunipokea kazi hii leo hayupo, lakini ukikataa, sikugusi."

Luhende akautazama mkono wake uliovimba, kisha akamtazama yeye.

"Rudia," akasema. "Ila uogope hivyohivyo."

Recheli akamimina jeli nusu chupa, atakayenuna na anune. Kifaa akakishika kwa wepesi, na buluu ikabaki wazi. Safari hii dawa ilitanda nyeusi kuizunguka njano. Walipongoja kidogo akamwomba mzee ainue mkono. Mzee akajaribu, ukabaki umelala palepale: ganzi ilikuwa imeshika, na Recheli akalia mbele ya watu wote.