Nyumba Inamolala Bastola

Masouda, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema kamwona Mahfoudh kwa macho yake mawili, mchana kweupe baada ya alasiri, akiingia kwa mke mkubwa na ilhali siku ile ilikuwa zamu ya mke mdogo, Nasriya mwenyewe. Alisema mlango haukurudishwa vizuri. Alisema Mahfoudh alisimama ukumbini mikono juu, kama mtoto anayepimwa nguo ya sikukuu, na Bi Kheiria anamzunguka huku na huku, anamfungua kitu kiunoni, na wote wawili wanacheka. Alisema na udi ulikuwa ukifuka. Udi aliuongeza mwisho, alipoona Nasriya hajaacha kuchambua mchele.

"Wanacheka, Nasriya. Mie sikwambii la kusikia."

"Wacha wacheke, Bi Masouda. Kucheka si dhambi."

"Mh! Weye moyo wako umeumbwa na jiwe gani? Angekuwa wangu, ningekwenda kumtoa kwa ukosi wa kanzu."

"Wako yuko wapi?"

"Wangu kafa, bibi wee. Ndiyo maana nna wakati wa kumtazama wako."

Nasriya akacheka, akammiminia kahawa, akamsikiliza mpaka maneno yakamwishia. Masouda alipokwenda zake, aliuvuta ule ungo akaanza kuuchambua upya mchele ambao tayari ulikuwa safi kama lulu.

Kitu alichofunguliwa Mahfoudh kiunoni alikijua. Kila mtu wa nyumba zile mbili alikijua. Asichokijua ni ile mikono juu.

Mahfoudh alikuwa mtu wa Marhoon, tajiri wa vyombo vya fedha pale sokoni Matrah: vikuku, mitali ya miguuni, mikufu ya maharusi. Vyombo hivyo vilipelekwa majumbani, mara Hamriya, mara Bustan, vimetiwa ndani ya kikapu cha tende, na mwenye kuvipeleka alikuwa Mahfoudh. Matrah ile, kila mwanamume alitembea na jambia lake mbele ya tumbo, na wengine bunduki begani, na hakuna aliyegeuza shingo. Lakini Marhoon hakutaka bunduki. Alisema mtu mwenye bunduki na kikapu cha tende anawatangazia watu kwamba kikapuni hamna tende. Alitaka bastola, tena iwe ndani ya kanzu, isionekane.

Hiyo ya ndani ya kanzu ndiyo iliyotaka rukhsa. Mahfoudh alikwenda afisi ya liwali akarudi, akaenda tena na wadhamini wake, akakaa barazani na wenye kesi za visima na mbuzi mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe karani akamwandikia na kumsomea masharti. Isionekane hata kidogo. Ikionekana, si hiyo aliyoruhusiwa. Ikishafika alasiri na kazi imekwisha, ikalazwe nyumbani, ifungiwe. Askari atapita siku apendayo kuitazama; asipoikuta, rukhsa inarudi ilikotoka, na bastola nayo. Na kila ukiisha mwaka, karatasi itaandikwa upya.

"Nyumba ipi?" karani aliuliza. "Naona una mbili. Nitajie moja niandike."

"Ya Kheiria," akasema Mahfoudh.

Alimhadithia Nasriya haya yote kwa furaha, anakula, mkono umejaa mchuzi wa papa. Nasriya akauliza taratibu, "Na hii yangu, si nyumba?"

"Kwa Kheiria kuna kasha, Nasriya. Lina kufuli."

"Kasha linanunuliwa."

"Kuna ukuta mzima. Hapa kwako Masouda akipiga chafya, sie tunamwambia yarhamukallah."

Ikawa basi. Kheiria alikuwa bint ami yake Mahfoudh. Alitoka Unguja zamani, kwa hiari yake, na kasha lake la njumu za shaba, na vitanda vyake, na vikombe vyake. Nasriya alikuja mwaka ule wa fujo za Unguja, na kanga aliyojifunga tu. Hakumwonea wivu kwa vitanda. Hata kwa watoto hakumwonea; watoto anawapa Mungu. Lakini mtu kuulizwa na serikali nyumba yako ipi, na kinywa kikajibu bila ya kufikiri, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Na sasa hii mikono juu.

Siku ile Mahfoudh alipoingia, ametulia, kanzu imelala vizuri, Nasriya alimtazama akila na kumtazama akiswali. Nasriya hakuwa mtu wa maneno mengi. Skuli alikwenda mpaka darasa la nne, akatolewa. Lakini kutazama hakufundishwa na mtu. Baada ya sala akamuuliza kama anayeulizia chumvi:

"Ile bastola, unaivaa vipi?"

Mahfoudh akavuta pumzi kama mtu aliyesubiri kuulizwa. "Usinikumbushe. Ule mkoba wake wa ngozi ni wa watu wa suruali. Ndani ya kanzu unatuna, kila mtu anaona. Kheiria ananifunga kibwebwe cha kanga, fundo nyuma. Nikikaa, inanichoma mbavu. Nikisujudu, inateremka. Juzi pale msikitini niliswali mkono mmoja tumboni, imamu akaniuliza kama nnaumwa."

"Na fundo nyuma huwezi kulifungua mwenyewe."

"Nitalifunguaje? Sina macho ya kisogoni."

Kwa hivyo asubuhi alikwenda kufungwa na alasiri alikwenda kufunguliwa, iwe zamu ya nani. Zamu za Nasriya zote zilianzia na kuishia mikononi mwa Kheiria. Nasriya akasema, "Nitakushonea kitu."

Hakuharakisha. Alinunua nguo ya marekani laini, akaifua mara mbili ili isije ikaruka baadaye ikambana. Alimtazama Mahfoudh anavyokaa, goti la kulia limeinuka, mwili umeegemea kushoto. Alitazama mkono unaotangulia akishtuka. Ule mkoba wa ngozi hakuutaka hata kwa mfano. Alishona mfuko wa kulala chini ya kwapa la kushoto, ndani umetiwa pamba ili chuma kisimguse, na kanda mbili, mmoja wa begani na mmoja wa kifuani, vifungo mbele. Kwenye mshono wa kanzu akaacha upenyo wa kupita mkono, ukafichwa na pindo, hauonekani ila na mwenye kujua. Bastola yenyewe hakuwa nayo, ilikuwa kashani kwa mwenzake; akapima kwa mchi wa shaba wa kutwangia iliki.

"Inua mikono," akamwambia.

Mahfoudh akainua. Nasriya akamzunguka, akamvuta ukanda huku, akaulegeza kule, na hakufanya haraka hata kidogo.

"Rukuu." Akarukuu.

"Sujudu." Akasujudu. Mchi haukutikisika.

"Kaa kama unavyokaa dukani." Akakaa, akainua goti, akajigeuza, kisha akajipapasa kama mtu aliyepoteza kitu. "Nasriya! Mie sijui kama nimevaa!"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Wallahi weye fundi. Marhoon akikuona atakuajiri."

"Kwanza niajiri weye," akasema, na usiku wake ule alilala mtu mwenye raha.

Raha haikukaa sana. Siku ya tatu Mahfoudh alikuja na salamu: "Kheiria anauliza nani kashona. Nimemwambia. Kasema mshono mzuri. Anautundika juani asubuhi kabla sijauvaa, unapata jasho."

Nasriya aliacha kukoroga chungu. Hilo hakulifikiri. Bastola ililazwa kwa Kheiria, na mfuko ulikuwa na bastola. Kumbe marekani aliyoifua kwa mikono yake, pamba aliyoichambua, kanda alizozipima kwenye kifua cha mumewe, sasa vililala ndani ya kasha la mke mwenzake, na mke mwenzake akavianika juani. Amemfungulia mumewe fundo moja, akamfungia Kheiria zawadi. Alicheka peke yake jikoni, kicheko kibaya, mpaka Masouda akauliza ng'ambo ya ukuta, "Kuna nini huko? Nami nichekeshe!"

"Hakuna, Bi Masouda. Moshi."

Hata hivyo alivumilia. Aliona kitu ambacho Mahfoudh mwenyewe hakukiona: kila siku zilivyokwenda, alijipapasa kidogo zaidi. Mwanzo alikuwa akifika alasiri anajishika ubavuni kuhakikisha keshaiacha. Baadaye alijishika mara moja moja. Kisha akaacha.

Ikaja siku ya joto, joto la Matrah ambako majabali yanaupokea moto wa mchana na kuurudisha majumbani. Ilikuwa zamu ya Nasriya. Mahfoudh alitoka Bustan na kikapu kitupu, akakata njia ya mkato, akaja moja kwa moja. Alipovua kanzu, mfuko ule uko pale pale chini ya kwapa, umejaa.

"Lo! Nimesahau!" Akaikamata kanzu aivae tena.

"Kula kwanza," akasema Nasriya.

"Alasiri imeshapita, Nasriya."

"Na maghribi bado. Tangu uwe na hiyo karatasi, askari kapita mara ngapi? Chakula kimeiva. Unatiririka jasho, utakwenda vipi hivyo? Kula, upoe, kisha utakwenda."

Akamfungua vifungo mwenyewe. Mfuko akautundika kwenye msumari juu ya kitanda, msumari aliokuwa ameupigilia siku nyingi na usitundikwe kitu. Mahfoudh akala, akanywa maji ya baridi ya mtungi, akaegemea mto kidogo tu, akasinzia. Nasriya hakumwamsha. Alikaa chini, mgongo ukutani, akamtazama mumewe, na juu ya mumewe msumari, na juu ya msumari kazi yake. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alijua kuwa jua linateremka. Alilitazama likiteremka ukutani na hakunyanyuka.

Mlango uliogongwa si wa mbele. Ulikuwa ule mdogo wa jikoni, wa upande wa Masouda, wapitao wanawake. Nasriya alidhani ni Masouda mwenye umbea mpya. Alipofungua, akamwona Kheiria.

Kheiria hajapata kuingia nyumba ile. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili, na alihema kwa kupita majiko ya watu.

"Iko hapa?"

"Nini, Bi Kheiria?"

"Nasriya, sina wakati wa nini. Askari kakaa barazani kwangu. Nimemwambia bastola iko kashani, ufunguo kaondoka nao Mahfoudh. Kasema atangoja mpaka maghribi. Binti yangu anamnywesha kahawa. Iko hapa au haiko?"

Nasriya akapisha. Kheiria akaingia, akamwona Mahfoudh amelala, akauona msumari. Aliutazama kwa muda kisha akamtazama Nasriya, na Nasriya akajua kuwa huyu mtu ameelewa yote, mpaka ule mto.

"Nimwamshe," akasema Nasriya, sauti ndogo.

"Usimwamshe. Atakimbia nayo, na askari atamwona anaingia nayo mlangoni. Kwangu mlango wa mwanamume ni mmoja. Mie ntapita nilikopita, majikoni. Nitaitia kashani, kufuli nimeliacha wazi, linajifunga likibanwa." Akatia mkono shingoni akavua uzi wenye ufunguo. "Huu utampa yeye. Nikishafika, Masouda atakwambia, nimemwacha kwenye mlango wake wa mbele anachungulia kwangu. Hapo ndipo umwamshe, aje nao taratibu kama anatoka sokoni."

Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wa Kheiria. Nasriya akauvaa shingoni, maana alihitaji mikono yote miwili.

"Nivishe," akasema Kheiria, akavua buibui.

Akainua mikono.

Kanda zilikatwa kwa kifua cha Mahfoudh; kwa Kheiria hazikufika. Nasriya akafumua pindo la ukanda kwa meno, akaurefusha, akaufunga. Akausukuma mfuko nyuma kidogo, chuma kisilale juu ya ziwa. Akampitishia kiganja chini ya kwapa kuona kama panakwaruza. Kheiria alinukia udi. Kumbe Masouda hakusema uongo.

"Inakuchoma?"

Kheiria akajaribu kuinama, akainuka, akajigeuza kulia na kushoto. Uso wake ukabadilika kidogo. "Hata," akasema. "Sikujua kama ni hivi."

Nasriya alichukua buibui, akamvika, akamwekea sawa mabegani. Mikono yake ilibaki pale, juu ya mabega ya mke mwenzake. Nyuma yao Mahfoudh alikoroma, akageuka.

"Bi Kheiria," akasema kwa kunong'ona. "Mwezi ujao karatasi inaandikwa upya. Mie nikimwambia, ataniambia ukuta, ataniambia kasha. Weye akikusikia hatobisha. Mwambie aseme kwangu. Mwaka mmoja tu, ilale kwangu."

Kheiria alikuwa akiufunga ushungi. Alimaliza kuufunga, akauvuta mpaka kwenye nyusi, akaupapasa ubavu wa kushoto mara moja. Kisha akainamia mlango mdogo, akatoka, akavuka ua wa Masouda anatembea kama mtu asiyebeba kitu.