Nasaba ya Fundi wa Mapipa

Bwana Leonard Hobday alikuwa na baba na babu watatu aliowajua kwa majina, na wote wanne nimewapiga taipu mimi. Naweza kuwataja mpaka leo bila kutazama karatasi. Kuna watu wa ukoo wangu mwenyewe ambao sijawahi kuwatumikia hivyo.

Hayo yalikuwa Maskati, mwaka 1967. Hobday alikuwa afisa wa Kiingereza aliyepewa kazi ya kupokea maombi ya watu waliotaka kuingia Oman, hasa watu wetu wa Unguja, waliotawanyika Mombasa na Dar es Salaam baada ya yale ya mwaka sitini na nne. Aliyapokea kwa adabu, akayasoma kwa makini, akayakataa. Mimi, Harub bin Ishaq, nilikuwa karani wake. Mimi na mama yangu tuliingia mapema, mwaka ule ule wa sitini na nne, kwa sababu mkaguzi wa siku ile alikuwa na homa na aliyemshikia nafasi alitaka kwenda kula. Baadaye Hobday aligundua kwamba najua Kiingereza na napiga taipu bila kutazama vidole, akaniajiri. Asili yangu hakuiuliza. Kumbe vidole vyepesi navyo ni uraia.

Dada yangu Shaikha hakujua taipu. Alikuwa Mombasa, kwenye chumba cha watu, na ruhusa yake ya kukaa kule ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi wa Novemba. Ikiisha, angerudishwa Unguja, na Unguja hatukuwa tena na nyumba wala mtu. Mara mbili niliomba aruhusiwe kuja kwetu. Mara mbili Hobday alikataa, na mara zote mbili barua ya kukataa nilipewa mimi niipige taipu. Niliandika kwa mkono wangu kwamba ofisi inasikitika, lakini Bi Shaikha hana hati ya kuzaliwa, na baba yake, Ishaq bin Amur, hana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ni mtu wa Oman.

Hati ya Shaikha ilikuwa kwenye kabati, na kabati lilikuwa kwenye nyumba, na nyumba ilichomwa moto. Baba naye alikuwa mbele ya nyumba. Alizikwa na wengine shimo moja, na hakuna aliyeandika. Hobday nilimweleza yote haya nikiwa nimesimama. Alitikisa kichwa kwa huruma kabisa, akasema, "Inasikitisha sana, Harub. Lakini bila maandishi mtu anaweza kudai chochote."

Basi nikamletea watu. Ami yangu Thabit alitoka Qurayyat, safari ya siku mbili kwa punda, na wazee wawili wa huko, kila mmoja na bakora yake. Walikaa mbele ya meza ya Hobday, na Ami Thabit akamtaja baba yangu, Ishaq bin Amur, na Amur bin nani, na huyo bin nani, akapanda mpaka babu wa kumi na tano, bila kukohoa. Alipomaliza, wa pili akarudia yale yale. Wa tatu akarudia, akaongeza nani alimwoa binti wa nani na kisima kipi kilikuwa cha nani. Hobday alisikiliza kwa heshima, kalamu mkononi, na hakuandika hata jina moja.

"Nzuri sana," akaniambia. "Ni kama wimbo. Lakini ni maneno ya mdomo tu."

Wazee wakanitazama wakingoja tafsiri. Nilishindwa kutafsiri. Nikawaambia kwamba Bwana anawashukuru.

Sasa nije kwenye ukoo wa Hobday mwenyewe, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kweli. Asubuhi yote tuliandika barua za kwenda Uingereza. Tuliwaandikia mapadri, tukawaandikia watunza madaftari ya mahakama, tukaandikia chama cha mafundi ambacho kilikuwa hakina fundi tena. Majibu yalipoletwa na ndege, maombi ya watu wa Unguja yaliwekwa sakafuni ili meza ipate nafasi. Baba yake, Percy, alikuwa fundi wa mapipa. Percy alizaliwa na Walter, fundi wa mapipa. Walter alizaliwa na Samuel, fundi wa mapipa. Mapipa ya nini, niliuliza siku moja. Ya pombe, akasema, akaona sura yangu, akaongeza kwamba mengine yalikuwa ya samaki wa chumvi.

Juu ya Samuel njia iliziba. Ukurasa wa daftari la kanisa ulikuwa umeliwa na panya. Siku nne Hobday hakuwa mtu wa kusemeshwa. Siku ya tano ikaja barua ya padri, ikisema kwamba pale kijijini kuna kizee wa miaka tisini na moja, na huyo kizee aliwahi kumsikia bibi yake akisema kuwa Samuel wa mapipa alikuwa mtoto wa Jonah wa mapipa.

Hobday alipiga meza kwa furaha. "Imethibitishwa!" akasema. "Andika, Harub. Samuel, mtoto wa Jonah."

Nikaandika. Nilitamani Ami Thabit angekuwepo aone kwamba maneno ya mdomo nayo huthibitisha, mradi mdomo uwe wa Kiingereza. Nilikasirika, sifichi. Nilikasirika hata nikakosea jina la Jonah mara mbili.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mwisho, na barua zote nilizifungua mimi. Padri alikuwa amempata Jonah mwenyewe kwenye daftari la ubatizo la mwaka 1791. Aliandikwa hivi: Jonah, mtoto wa Ann Hobday, msichana asiyeolewa, baba hakutajwa. Hobday aliisoma amesimama dirishani. Aliikunja, akaitia chini kabisa ya faili, chini hata ya ramani ya kijiji, akasema hali ya hewa imeanza kupoa. Haikuwa imepoa.

Kosa lake likawa hili. Alikuwa amekaa Maskati miaka ya kutosha kuona kwamba watu wetu wakikutana huulizana asili, na mwenye asili hupewa kiti. Akataka kiti. Akaniambia nimwandikie nasaba yake kwa Kiarabu, kwa hati nzuri, kwa mtindo wetu, aitie kwenye fremu aitundike sebuleni, na Alhamisi alasiri atawaalika wakubwa wa mji kwa kahawa.

"Mpaka Jonah?" niliuliza.

"Mpaka Jonah na baba yake," akasema, bila kunitazama. "Wewe unajua mambo haya yanavyoandikwa."

Naam, nilijua. Kwetu nasaba hupanda kwa wanaume. Huwezi kuandika Jonah bin Ann. Kalamu yenyewe itakataa. Na mtoto asiyekuwa na baba wa kutajwa, watu wenye haya hawamwachi uchi. Humwita bin Abdalla, mtoto wa mja wa Mungu, maana kila baba, awe nani, ni mja wa Mungu. Ndiyo sitara yake. Ndivyo walivyofanya wazee wetu Unguja, na ndivyo ambavyo karani yeyote wa huko angefanya. Nikaandika kwa wino mweusi mzito: Leonard bin Percy bin Walter bin Samuel bin Jonah bin Abdalla. Mtu akiniuliza kama nilifanya kwa adabu au kwa kisasi, nitasema adabu. Lakini mkono ulikuwa mwepesi sana siku ile.

Alhamisi wakaja. Alikuja Sheikh Ghanim, mzee ambaye Hobday alimhitaji kwa kila jambo, na Bakhit, mfanyabiashara wa Matrah, mnene na mwepesi wa kucheka. Mimi niliitwa nitafsiri. Sheikh Ghanim akasimama mbele ya fremu, akasoma kwa sauti, kwa heshima, kama inavyosomwa nasaba ya mtu. Alipofika kwa Jonah akapunguza mwendo. Alipofika kwa Abdalla akajifuta ndevu, akasema, "Mashaallah," akaomba maji. Bakhit alikuwa na halua mdomoni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na nilimpiga mgongo mimi.

"Wamependa?" Hobday aliniuliza.

"Wameguswa, Bwana," nikasema.

Kufikia Jumamosi mji mzima ulikuwa na habari hiyo. Askari wa lango walimsalimia: Karibu, ibn Abdalla. Muuza samaki, na yule anayetengeneza taa, na washauri wa serikali ndani ya majoho yao, wote: Sabahul kheri, ibn Abdalla. Naye, maskini, akadhani ni cheo! Wiki nzima alijibu kwa kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Alimwandikia ndugu yake Uingereza kwamba Waarabu wamempa jina la heshima. Barua hiyo nayo niliipiga taipu, na nilijiuma ulimi mpaka ukavimba.

Aliyemfungua macho sijui ni nani. Siku ya nane aliingia ofisini, akafunga mlango, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Abdalla ni nani?"

Nikamweleza. Sikupunguza wala sikuongeza. Nilimwambia ni sitara, kwamba kwetu ni jambo la huruma. Akakaa.

"Iandike upya," akasema. "Mtie baba."

"Baba gani, Bwana?"

"Baba yeyote! Lazima walioana. Ukurasa wa ndoa umepotea, basi. Kurasa hupotea, Harub. Panya wanakula, nyumba zinaungua..." Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Niliinama sakafuni, kwenye lile rundo, nikatoa faili la Shaikha, nikaliweka mezani, nikalifungua pale penye nafasi ya kuandika ushahidi wa asili. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Novemba. Angeweza kunifukuza kazi, na kumfukuza mama yangu nchini, kabla ya kahawa yake kupoa.

"Mimi ni karani tu," nilisema. "Bila maandishi naogopa kumpa mtu baba. Lakini Bwana akinifundisha namna, nitafuata."

Alilivuta faili karibu yake. Kisha akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya ushahidi akaandika maneno manne ya Kiingereza, kwamba ukoo huu unajulikana vizuri. Akatia saini. Akagonga muhuri kwa nguvu, wino ukaruka mpaka kwenye shati lake.

Nilikwenda kwenye meza yangu nikakata karatasi mpya. Leonard bin Percy bin Walter bin Samuel bin Jonah. Kalamu ikasimama. Jina lilitakiwa, na lazima liwe jina ambalo Waingereza nao wanalo, na lililonijia ni moja tu. Nikaandika: bin Ishaq. Chini yake, kwa Kiingereza, Isaac. Hobday alilitamka mara mbili, akasema linafaa sana kwa fundi. Akaligonga muhuri nalo, kwa uhakika. Nilitoka nje nikalia, nyuma ya ukuta wa ofisi, maana, ukiacha lile faili la Shaikha, ile ndiyo ilikuwa karatasi pekee duniani yenye jina la baba yangu na muhuri wa serikali.

Shaikha aliingia mwezi wa Disemba, amekonda, na sanduku moja. Mama hakumwachia mkono siku tatu, hata jikoni. Mambo ya Isaac sikumwambia mtu.

Hobday aliondoka mwaka 1970, alipoingia sultani mpya na watu wetu wakaanza kuitwa warudi kwa majina yao, waje wafanye kazi. Mwezi mmoja baadaye akaniletea kwa posta kitabu chembamba, kimepigwa chapa vizuri, kuhusu ukoo wake. Ukurasa wa pili ulisema kwamba chimbuko la ukoo wa Hobday ni Isaac, mume halali wa Ann, kwa mujibu wa hati rasmi iliyopatikana Maskati.

Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza kulikoni. Basi nikamweleza yote, tangu Ami Thabit mpaka Isaac, na Shaikha amekaa pembeni anachambua mchele. Mama alisikiliza bila kupepesa. Yeye hajui kusoma, lakini alikichukua kile kitabu, akapitisha kidole pale nilipomwonyesha jina la mumewe, akakaa nalo.

"Kwa hiyo nna mke mwenza," akasema mwisho.

"Alikufa zamani, Mama. Miaka mia na zaidi."

"Jina lake?"

"Ann."

"Ann." Akakifunga kitabu, akanirudishia. "Haya, kaa kwenye taipu yako umwandikie huyo bwana. Mwambie Ishaq bin Amur ana watoto wawili, Harub na Shaikha, basi. Hao wengine, wa mapipa, nnasikitika sana. Siwezi kuwatambua mpaka walete karatasi."