Baba Hajatoka

Jana usiku niliota kiti cha baba yangu kinanigongea dirisha.

Ni kile cha plastiki cha bluu, ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Kimesimama uani kwenye sakafu ya saruji, kimeegemea ukuta kama mtu aliyetembea mbali.

"Ashura," kinaniambia, "vaa viatu. Mechi imeanza, na mimi nimechoka kukaa nje."

Nikavaa viatu. Sikuona sababu ya kubishana na kiti.

Naomba nieleze kwanza kilikuwa kinafanya nini nje. Timu yetu ya taifa ya kriketi inacheza na Uganda mechi tatu, kila moja ya siku nzima. Nyumbani kwetu Upanga tunaziangalia sebuleni: mimi, Mama, Baba, na Mjomba Kitwana, kaka yake Mama, ambaye hushuka kutoka ghorofa ya juu na mto wake wa kukalia. Siku ya mechi ya kwanza Baba alitoka jikoni na chupa ya chai, na alipokanyaga zulia tu, mpigaji wetu akatolewa. Akarudi kufuata vikombe. Alipoingia tena, akatolewa mwingine.

"Shemeji," Mjomba akasema, "wewe ukiingia, wao wanatoka. Tusaidie, kakae nje kidogo."

Tulicheka sote, Baba naye akacheka. Akabeba kiti chake mpaka uani, kando ya tangi la maji, akawa anasikiliza kupitia dirishani. Tulifungwa vilevile. Mechi ya pili hakungoja kuambiwa. Alitoka mwenyewe na kiti chake, na siku hiyo tukashinda. Mjomba alituangalia mmoja mmoja. "Mmeona?" Tangu hapo hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyemwita ndani.

Mechi ya tatu, ya kuamua mshindi, ni leo. Jana jioni nilimwona Baba akikipangusa kiti kwa kitambaa na kukiweka kando ya tangi, tayari kwa asubuhi. Na ndiye aliyenifundisha mchezo huu nikiwa mdogo, kwa gongo la kuti la mnazi na mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Nililala na jambo hilo kifuani.

Basi, kiti kikatangulia, nami nikafuata. Mlango wa uani ulifunguka moja kwa moja kwenye uwanja.

Getini amekaa mama mmoja na sufuria kubwa na upawa. Anawagawia mashabiki. Kila anayepita anachotewa kiasi chake cha furaha na kiasi chake cha kuguna.

"Una bakuli?" ananiuliza.

"Sina."

"Wewe mgeni. Kinga mikono. Furaha imebaki kidogo, usiimalize kwenye mpira wa kwanza. Wenzako wa mechi ya kwanza waliimaliza asubuhi, mchana wakawa wanapiga makofi makavu."

Ndani kuna watu wengi kuliko kiti kilivyonitayarisha. Wote wana roho mkononi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo: kila mmoja ameshika yake, ndogo, ya joto, baadhi wamezifunga kwenye gazeti kama vitumbua. Mwanamke aliye mbele yangu amemwomba jirani yake amshikie yake mara moja ili afunge kilemba.

Katika uwanja ule maneno ya mashabiki hayapotei. Likisemwa, limekuwa. Mzee mmoja mwenye fulana ya timu anaguna, "Mpigaji gani huyu, amesimama kama mti," na pale pale mpigaji wetu anaota majani. Mpira unapita. Ndege anatua begani kwake. Mwingine anasema, "Nahodha huyu afukuzwe," na nahodha anaweka nguo zake begini. Mpira unaofuata anaupiga unavuka mpaka wa uwanja, na mtu yule yule anasema, "Nahodha huyu apewe nyumba." Nahodha anafungua begi, anakabidhiwa funguo, anaangalia choo, anaridhika. Mpira mwingine anaukosa.

"Afukuzwe," anasema yule mtu.

"Kaka, mwache apumzike," namwambia. "Ndiyo kwanza amehamia."

"Dada, mimi ni shabiki. Nampenda sana. Ndiyo maana."

Namkuta Mjomba Kitwana safu ya tatu, amekalia mto wake, mgongo wima, hapepesi macho. Majani ya nyasi yamemwota kuzunguka miguu hadi magotini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Usiniguse. Wale wawili waliopo wanacheza vizuri, na nilikuwa nimekaa hivi hivi walipoanza. Nikisogea, wanatolewa."

"Umekaa hivyo tangu lini?"

"Tangu mti wa pale ulipokuwa mpigaji."

"Baba yuko wapi?"

Mjomba hageuzi shingo. Ananionyesha kwa nyusi, upande wa nje.

Lakini kabla sijaenda, mrushaji wao anamaliza mipira yake sita. Katika kriketi, mipira sita ikiisha, zamu inahamia upande wa pili wa uwanja. Kule ndotoni kanuni hiyo inachukuliwa kwa uzito. Kila kitu kinahama. Jukwaa linanyanyuka na kwenda lilikokuwa jua, jua linapita karibu nasi likiomba njia, vyoo vinakimbia vikibamiza milango. Jiko letu la Upanga nalo linapita, Mama yumo ndani anakaanga maandazi.

"Tunakwenda upande gani sasa?" ananiuliza.

"Wa msikitini, Mama."

"Basi mafuta yatamwagika tena. Mwambie baba yako chai iko tayari."

Ndipo ninapomwona. Yuko ng'ambo ya mstari wa chokaa, mahali ambapo uwanja umekwisha na hakuna kitu kingine kilichoanza. Ametugeuzia mgongo, chupa ya chai kwapani. Hana kiti, kwa sababu kiti kiko na mimi.

"Baba, geuka. Tunacheza vizuri."

"Nasikia," anasema. "Makofi yanafika. Ndiyo maana sigeuki."

"Hata mara moja?"

"Mwanangu, nilifuata mchezo huu nikiwa kijana, nikiwa bwana harusi, nikiwa na wewe mgongoni. Kama kuna kitu kimoja ninachoweza kuifanyia timu hii sasa, ni kutoitazama. Si kazi ngumu. Miguu tu ndiyo inachoka."

Alikuwa bado anasema hivyo wakati mpira ulipogonga vijiti nyuma ya mpigaji wetu. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu aliyeweka kikombe mezani. Baba hakuwa amegeuka. Hakuwa amesogeza hata kidole.

Uwanja mzima unageuka na kumwangalia.

"Amepumua," anasema mtu.

"Alifikiria kugeuka," anasema Mjomba kutoka kwenye majani yake. "Namjua shemeji yangu."

"Apelekwe mbali zaidi," anasema mwenye fulana. "Apelekwe kusiko na redio."

Na kwa kuwa maneno pale yanakuwa, mstari wa chokaa unaanza kumsogelea Baba na kumsukuma nje, hatua kwa hatua. Yeye hashindani nao. Ananyanyua miguu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepisha deki.

Nikakimbia hadi katikati ya uwanja. Mwamuzi ni mrefu kuliko nilivyodhani mwamuzi anaweza kuwa, koti lake jeupe linafika kwenye nyasi, na mfukoni anachezesha vijiwe vya kuhesabia mipira.

"Bwana mwamuzi, baba yangu hajafanya kosa."

"Hapa tunauliza walioanguka," anasema.

Anainama. Kwenye nyasi vimelala vile vipande viwili vya mti ambavyo huwekwa juu ya vijiti, na vikianguka, mpigaji ametolewa.

"Mmeangushwa na nini?" mwamuzi anaviuliza.

"Na mpira," kinasema cha kwanza.

"Uliruka kidogo halafu ukakata kuingia ndani," kinasema cha pili. "Mpira mzuri, kusema kweli. Hata mimi ningepitwa."

"Na yule mzee aliyesimama kule?"

Vikajaribu kuona.

"Mzee gani?"

Mwamuzi akanyooka. Alichukua muda mrefu kunyooka. Kisha akawauliza mashabiki wote, bila kupaza sauti, "Nani kati yenu aliyeniuliza kama mzee yule ametoka?"

Mashabiki wakaangalia roho zao mikononi. Mjomba aliangalia magoti yake.

"Kanuni ni ya zamani," mwamuzi akaniambia. "Nisipoulizwa, simtoi mtu. Hata akiwa ametoka machoni pa dunia nzima, nisipoulizwa, anaendelea. Baba yako hakuna aliyemuulizia. Kwa hiyo hajatoka."

"Kama hajatoka, mbona yuko nje?"

"Hilo si la mwamuzi. Mtu aliyetoka namwonyesha kidole. Mtu aliyekaa nje tu, mwambieni aingie. Mmemwambia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikafikiria sebule yetu, dirisha letu, na mechi nzima ya pili. Nikafikiria jinsi nilivyompitishia chai dirishani, nikajiona mtoto mwema.

"Hapana," nikasema.

"Basi kimbia," mwamuzi akasema. "Ukifika kabla ya mpira, inahesabika."

Ninakimbia. Kiti kinakimbia kando yangu, kinachechemea kwenye waya. Mpira unatufuata kwenye nyasi, nausikia. Mstari wa chokaa unamsukuma Baba, yuko mbali, anakuwa mdogo, na sauti yangu haitoki, imebaki getini kwa yule mama wa sufuria. Ninachota furaha yote iliyomo viganjani mwangu, ambayo niliambiwa nisiimalize, naimeza yote.

"Baba, njoo ukae ndani."

Akageuka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kule ndotoni nilipomwona uso.

"Na wakitolewa?" akauliza.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Uani Baba alikuwa ameshakaa kando ya tangi, mikono magotini, akiwa amevaa shati lake zuri, ingawa kule nje hakuna ambaye angemwona. Nikamwamkia, nikasimama mbele yake peku.

"Baba, njoo ukae ndani."

Aliniangalia. "Na wakitolewa?"

Yalikuwa maneno yale yale ya ndotoni. Lakini safari hii nilikuwa na jibu.

"Watakuwa wametolewa na mpira, Baba. Si na wewe."

Alinyanyuka, nikabeba kiti. Mama alipotuona tunaingia, alisogeza stuli ya chai, nafasi ikapatikana katikati, mkabala na televisheni.

Mjomba Kitwana akashuka na mto wake. Alimkuta Baba amekaa katikati. Akaketi. Muda wote timu zilipokuwa zikiimba nyimbo za taifa alikuwa ameinama, anahangaika na kandambili zake.

Mechi ikaanza. Haikuchukua muda. Mpira uliruka kidogo, ukakata kuingia ndani, vijiti vikalia, na mpigaji wetu wa kwanza akaanza kurudi.

Baba alishika mikono ya kiti, akaanza kunyanyuka.

"Kaa, shemeji," Mjomba akasema, macho kwenye televisheni. "Mpira mzuri ule. Hata wewe ungepitwa."

Baba akakaa. Mama akammiminia chai. Anayefuata akaingia uwanjani, akagonga ardhi kwa gongo lake, akatazama mbele.

Nikamwangalia Mjomba. Ghorofani kwake hakuna hata kopo la maua, na kutoka kwake hadi kwetu ni ngazi za saruji tupu. Katikati ya vidole vyake vya mguu alikuwa amechomoa jani refu la nyasi, bichi, lenye umande. Alilishika mkononi mwake hadi chai ikapoa, na hakumwambia mtu.