Mlima wa Globu

Mdomo wangu haujawahi kuniletea heri. Majirani zangu wa ghorofa la Mafiga wanalijua hilo, na marehemu Tomasi alilijua kuliko wote, maana alikuwa mtani wangu. Mimi Mwanaheri, Mluguru wa Matombo. Yeye Mnyamwezi wa Tabora. Basi, imetosha: makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele za watu, anaondoka na kuku wako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa, utachekwa mwaka mzima.

Ghorofa lilikuwa la kiwanda cha nguo tulichofanyia kazi sote, mimi kwenye mashine za kufuma, yeye fundi umeme. Mwaka tisini na tano kiwanda kikauzwa, sisi tukapunguzwa, na nyumba zikachukuliwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Tukaambiwa tukae tusubiri, wenye mali wapya wataamua nani abaki na nani ahame. Wenzake walisubiri. Tomasi alichukua kiinua mgongo chake, akaenda Kariakoo, akarudi na mabunda ya nyaya na maboksi ya globu za rangi. Mkewe, Regina, alilia kutwa nzima. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe mwenzangu alitaka kuchora milima. Ukutani, kwa taa, upande wote wa mbele, kutoka orofa ya kwanza hadi ya nne. Mstari wa mlima ulipita kwenye roshani zetu, kwa hiyo alibisha hodi kila mlango kuomba ruhusa. Roshani yangu ilipewa globu kumi na mbili za buluu, ndiyo chini ya maporomoko ya maji. Nilimwambia Mnyamwezi ataujulia wapi mlima, kwao tambarare mpaka macho yanachoka. Akasema ndiyo maana yeye anauona, sisi Waluguru tumeuzoea kama ukuta wa choo. Lakini zile globu nilizifuta vumbi kila Ijumaa, na nilizipenda, sitaki kusema uongo.

Siku alipoziwasha, ilikuwa magharibi tu, watu walijaa barabarani. Walikuja wa Mwembesongo, wakaja wanafunzi wa Mazimbu, na baadaye maharusi wakawa wanapita kupiga picha. Siku za mgawo wa umeme walikaa kwenye majani wakingoja urudi. Kuna bibi alikuwa ameshuka kutoka milimani na ndizi zake za sokoni. Akatua mzigo, akanyoosha kidole kwenye globu moja ya kijani, akasema kwake ni pale. Hakuna aliyembishia.

Habari zikafika Dar, na kampuni ikamtuma Bwana Erick aje aone. Akiridhika, Tomasi angeajiriwa kupamba maghorofa yao yote, na nyumba yake angebaki nayo. Asubuhi ile Tomasi alikuja mlangoni kwangu, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Mwanaheri, nikipata hii hatuhami," akasema. "Niombee."

Erick alikuwa kijana aliyekulia Ulaya, baba yake alifanya kazi ubalozini. Hakunipa shikamoo. "Mambo, mama," eti, mimi niliyemzidi miaka thelathini. Nikaudhika, nikataka ajue mimi ni nani pale. Alitazama ukuta kwa muda mrefu, akasifu, halafu akauliza nyaya zote zile zimetoka wapi. Tomasi akafungua kinywa ajibu. Mimi nikamuwahi.

"Unamuuliza Mnyamwezi? Babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, huyu kabeba nyaya za kiwanda mpaka ukutani. Mwizi mkubwa huyu."

Majirani wakaangua kicheko. Sasa mtani akirushiwa neno hakani, analiongezea chumvi. Ndivyo tulivyolelewa.

"Kweli kabisa," Tomasi akasema. "Na huyu Mluguru ndiye aliyenishikia tochi. Nilimlipa mkungu wa ndizi."

Tulicheka sote isipokuwa Erick. Yeye alitoa kijitabu akaandika. Hatukujua kwamba wakati wa kuuzwa kiwanda nyaya nyingi zilipotea kweli, na kwamba Erick alikuwa ameshaambiwa.

Siku ya tatu Tomasi akapelekwa kituo cha polisi, na mimi nikaitwa ofisini kwa Erick. Njia nzima nilijipanga: nitamweleza huyu mtoto utani ni kitu gani, nitamwambia nyaya zilinunuliwa kwa wamachinga ambao hawatoi risiti, na mimi mwenyewe niliyaona mabunda yakishushwa. Nikakaa. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya majina ya watakaobaki ghorofani, na jina langu nililiona. Akauliza jambo moja tu: nilishika tochi, au sikushika?

Nikaviona vyumba vyangu viwili, nikajiona barabarani na vyombo vyangu.

"Mimi simo," nikasema. "Hayo kayasema mwenyewe."

Tomasi aliachiwa baada ya siku nne, ushahidi haukuwepo. Lakini kazi ilishapotea, na barua ya kuhama ilikuwa inamsubiri. Vibarua wakaja kukata nyaya. Globu zangu kumi na mbili niliambiwa nizifungue mwenyewe, nikazifungua.

Siku wanafunga mizigo nilikwenda kuomba radhi. Sikumaliza hata sentensi moja. Tomasi akanikatiza, akasema Waluguru hatuna nguvu za kumwangusha Mnyamwezi, akacheka, akaendelea kufunga kamba. Niliondoka na radhi yangu mdomoni.

Miaka mitatu baadaye nikapata habari kwamba amefariki. Nikapanda treni mpaka Tabora. Msibani waliposikia Mluguru amekuja walifurahi, maana kazi ya mtani kwenye msiba inajulikana: anajiliza kilio cha uongo, anamsema marehemu, mpaka wafiwa wacheke na kumtuza. Sikwenda kwa hilo. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwamba Tomasi hakuiba hata sentimita moja, kwamba niliulizwa nikamkana kwa ajili ya vyumba viwili. Nikapiga magoti. Nililia kilio ambacho sikukilia hata kwa mama yangu.

Wakacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba yake mdogo alisema tangu azaliwe hajaona mtani anayejua kulia hivi, akanirushia sarafu mapajani, na wengine wakafuata.

Regina peke yake hakucheka. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaja mpaka nilipopiga magoti, akaniwekea sarafu yake kiganjani na kuvifumba vidole vyangu juu yake.

"Chukua, mtani," akasema. "Umefanya kazi yako."